Mtoto wa Miaka Arobaini na Moja

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi mliokuja jioni hii pamoja na ndugu zenu: shikamooni kwa wanaostahili, na waliobaki, hamjambo.

Nimeanza na salamu kwa makusudi. Mtaani kwetu, hapa hapa Tanga, yupo mtu wa miaka 41 ambaye nitamwita Sefu. Si jina lake. Sefu ana sindromu ya Down. Tangu nimfahamu, asubuhi ilikuwa ikimkuta kibarazani kwao juu ya kiti cha plastiki cha bluu, na kila apitaye alipata salamu yake. Humwamkia shikamoo mzee wa miaka sabini. Humwamkia shikamoo kondakta wa daladala wa miaka ishirini. Siku moja nilimsikia akimwamkia shikamoo mwanafunzi wa darasa la sita, na yule mwanafunzi akaitikia marahaba, begi mgongoni, akaenda zake. Mama yake Sefu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Nilipomtazama alielewa ninachouliza. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto."

Mada niliyopewa ni mazoezi ya mwili kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili. Nimefundisha elimu maalum miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila nikiifikiria mada hii narudi kwenye kiti kile cha bluu na jibu lile la mlangoni. Mtu akishaitwa mtoto hadi mvi zinaanza kumtoka, hakuna atakayemuuliza kama anaweza kupanda ngazi bila kuhema.

Niweke sawa maneno kwanza, maana ukumbi huu una walimu na najua watanisahihisha. Zamani tulisikia taahira, punguani, zuzu. Kisha likaja mtindio wa ubongo, ambalo hospitalini hulitumia kwa mtu ambaye ubongo wake uliathirika akashindwa kuvitawala viungo vyake, na si wachache kati ya hao wenye akili timamu kabisa. Ulemavu wa akili ni jambo jingine. Mtu hujifunza polepole kuliko wenzake, hupata taabu katika mambo ya kila siku kama kuhesabu chenji au kupanga safari, na hali hiyo huonekana kabla hajawa mtu mzima. Makadirio ya kawaida ni mtu mmoja hadi watatu katika kila mia. Vyanzo ni vingi: kromosomu ya ziada ya sindromu ya Down, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake waliieleza Paris mwaka 1959, uchungu uliokwama, mtoto akakosa hewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mama aliyekosa madini joto akiwa mjamzito. Wapo ambao chanzo hicho hicho kiliathiri na viungo. Lakini wengi wa wenye ulemavu wa akili walizaliwa na miguu ya kawaida, na ukiwakuta leo hawawezi kutembea kilomita mbili, lazima uulize miguu hiyo ilipatwa na nini baadaye.

Swali hilo aliliuliza Frank Hayden, mtaalamu wa elimu ya viungo, akiwa Toronto, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwapima watoto wenye ulemavu wa akili akakuta uwezo wao wa mwili ni kama nusu ya uwezo wa watoto wenzao. Wakati ule jibu lilikuwa limeshaandikwa vitabuni: ndivyo walivyoumbwa. Hayden hakuridhika nalo. Akawatia kwenye mazoezi ya kweli, ya kutoka jasho, na miili yao ikafanya kile ambacho mwili wa mtoto yeyote hufanya ukifanyishwa kazi: ikapata nguvu na pumzi. Walikuwa dhaifu kwa sababu hakuna aliyewachezesha. Hapa Kiswahili kina kitenzi chake tayari, tena kifupi. Watoto wale walikuwa wamekalishwa.

Utafiti wa Hayden ukamfikia Eunice Kennedy Shriver, dada yake Rais John F. Kennedy wa Marekani. Familia ile ilikuwa na jambo lake. Dada yao Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1941 baba yao aliridhia apasuliwe ubongo, upasuaji uliosifiwa wakati huo kwamba utamtuliza. Ukamwacha hawezi kutembea wala kusema sawasawa, na akaishia katika kituo cha watawa huko Wisconsin hadi alipofariki mwaka 2005. Kwa miaka mingi habari zake hazikusemwa. Mwaka 1962 Eunice akaziandika gazetini, na kiangazi cha mwaka huo huo akaufungua uwanja wa nyumba yake kule Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili waje waogelee, wapande farasi, wacheze mpira. Karibu kila mtoto alipewa kijana wa sekondari wa kuwa naye bega kwa bega. Naomba mlishike hilo la kijana, nitalirudia.

Tarehe 20 Julai 1968, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, wanamichezo kama elfu moja wa Marekani na Kanada waliingia kwa gwaride. Wazo la kufanya mashindano hayo Chicago lilitoka kwa mwalimu kijana wa michezo wa idara ya bustani za jiji, Anne Burke, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois. Uwanja unaochukua makumi ya maelfu ya watu ulikuwa karibu mtupu. Waliokuja kutazama walikuwa wachache kuliko waliokuja kukimbia. Ndivyo Special Olympics ilivyozaliwa. Machi 2019, Abu Dhabi iliwapokea wanamichezo zaidi ya 7,000, na Waafrika Mashariki wakiwamo.

Naipenda michezo ile na siku zote nitaitetea. Lakini niseme bila kuficha: medali ina kasoro moja. Inawatoa nyumbani wale wachache waliokwisha kuwa na mtu wa kuwatoa. Mashindano ya dunia ya kiangazi ni kila baada ya miaka minne, timu ina nafasi zake za kuhesabika, na picha ya kijana mwenye medali shingoni hutufanya tuone kazi imekwisha. Sefu hatakwenda Abu Dhabi. Sefu anahitaji Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Tazameni njia anayopita mtu wa aina yake. Akibahatika, huandikishwa katika kitengo cha elimu maalum kwenye shule ya msingi. Huko kuna mchakamchaka asubuhi, kuna kufagia uwanja, kuna kufukuzana wakati wa mapumziko. Siku anayoambiwa amekuwa mkubwa, hurudi nyumbani na daftari lake, na mlango unafungwa. Wenzake wasio na ulemavu wanaendelea: sekondari, kibarua, bodaboda, ndoa, timu ya mtaa. Yeye anapewa kiti.

Na kiti hicho atakikalia muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1983, Marekani, mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka kama 25. Leo kule ni karibu 60. Miaka thelathini na ushei imeongezwa na madaktari, hasa wa upasuaji wa moyo, na hata huku kwetu tunawaona wazee ambao bibi zetu hawakuwahi kuwaona. Uholanzi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Erasmus mjini Rotterdam waliwapima watu 1,050 wenye ulemavu wa akili, wote wa miaka 50 na kuendelea. Walikuta pumzi, nguvu na mwendo viko chini sana, na unyonge wa uzeeni umebisha hodi mapema kuliko kwa watu wengine. Walipowafuatilia kwa miaka kadhaa, ikaonekana kwamba walioanza na mwili dhaifu ndio waliopoteza haraka uwezo wa kuvaa wenyewe, kuoga wenyewe, kwenda chooni wenyewe. Mlezi aliye humu ndani anajua maana ya sentensi hiyo. Mama wa miaka sabini anamnyanyua mwanawe wa kilo themanini.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, maana hapa makocha wetu wa hiari huharibu kwa nia njema.

Karibu nusu ya wanaozaliwa na sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Kwa hiyo daktari kwanza, uwanja baadaye. Viungo vyao hulegea, na shingoni, kati ya mfupa wa kwanza na wa pili, kuna ulegevu kwa watu kama 15 katika mia. Wengi wao hawaoni dalili yoyote maisha yao yote. Hata hivyo, kupiga mpira kwa kichwa, kupinduka sarakasi, na kujitosa majini kwa kichwa hatufanyi, na mtu akianza kuyumba anapotembea, mikono ikilegea au mkojo ukimtoka ghafla, mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo na anapelekwa hospitali.

Halafu kuna hesabu ya mapigo ya moyo. Jimu nyingi zina karatasi ukutani: toa umri wako kwenye 220, hapo ndipo kilele cha moyo wako. Kwa Sefu hiyo inatoa 179. Lakini Bo Fernhall na wenzake, waliowapima watu wenye ulemavu wa akili kwenye mashine ya kukimbilia, walitoa hesabu nyingine mwaka 2001: anza na 210, toa umri uliozidishwa kwa 0.56, kisha toa 15.5, na kama mtu ana sindromu ya Down toa 15.5 nyingine. Fanyeni hesabu: kwa Sefu ni 156. Tofauti ni mapigo 23 kwa dakika. Mishipa ya fahamu inayouchochea moyo wakati wa kazi haiuchochei kwa kiasi kile kile. Kocha anayemkimbiza Sefu kwa karatasi ya ukutani anamkimbiza kwa moyo wa mtu mwingine, kisha anasema mvivu huyu.

Mwenye kifafa naye ana taratibu zake, na kifafa huwapata kama mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili. Akiingia baharini au bwawani awe na mtu wake mmoja asiyeangalia simu. Fenobabitoni inasinzisha, kwa hiyo saa ya mazoezi ipangwe kwa kuangalia saa ya dawa. Valproeti, na baadhi ya dawa za kutuliza akili, huongeza uzito. Wazazi humlaumu mtu kwa ulafi kumbe ni kidonge. Na maji: wapo wasiojua kusema wana kiu. Hao huwangojei waombe. Unawapa.

Je, watu wazima hawa wakifanyishwa mazoezi wanabadilika kweli? Ushahidi ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, uliochapishwa mwaka 2004 na James Rimmer na wenzake. Walichukua watu wazima 52 wenye sindromu ya Down, wastani wa umri wao miaka 39, yaani rika la Sefu. Baadhi yao walifanya mazoezi kwa wiki 12, siku tatu kwa wiki, dakika 45 kila mara: 30 za pumzi na 15 za nguvu. Wengine waliendelea na maisha yao. Waliofanya mazoezi waliongeza pumzi, walidumu zaidi kabla ya kuchoka, walinyanyua mizigo mizito zaidi kwa mikono na kwa miguu. Uzito ulipungua kidogo tu, na hili nalisema wazi kwa sababu wazazi wengi huja kwangu wakitaka tumbo lipungue kwa mwezi mmoja. Mara nyingi tumbo linatokana na soda. Katika nyumba nyingi mtu huyu hupewa soda ili anyamaze, hupewa soda kwa kuwa ametumwa dukani na kurudi, na mgeni akija humnunulia soda kwa huruma. Ikifika jioni ana tatu.

Tamar Heller na wenzake wa chuo hicho waliuliza swali lililonigusa zaidi: kati ya watu wazima wenye sindromu ya Down, nani anafanya mazoezi na nani hafanyi? Mtu angetegemea jibu liwe umri au afya. Kilichoamua zaidi ni mlezi: kama mlezi anaamini mazoezi yatamfaa mtu wake, na kama njia ya kufika huko ipo. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama Sefu na ungo wake. Simlaumu. Yeye peke yake ndiye aliyembeba, mumewe aliondoka mtoto akiwa na miezi mitano. Lakini mlango wa mazoezi wa Sefu ulikuwa mkononi mwake, na alikubali kuufungua kwa sharti moja: "Usimchoshe, Mwalimu."

Nikakosea siku ya kwanza. Kipo kipimo rahisi cha nguvu za miguu kisichohitaji shilingi: mtu anakaa kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani, anasimama na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamume mwenye afya wa miaka 60 hadi 64 kwa kawaida hufika 14 hadi 19. Nikamweka Sefu kwenye kiti chake, nikashika simu yangu, nikasema, "Haya Sefu, simama ukae." Akasimama. Akakaa. Akanitazama kwa utulivu kabisa. Sekunde zikaenda, ishirini, ishirini na tano, thelathini. Nikaandika moja.

Usiku nikaitazama ile moja daftarini nikaona aibu. Nilimwambia asimame akae, naye akafanya nilivyomwambia bila kuongeza wala kupunguza. Nilichokuwa nimekipima ni Kiswahili changu. Siku ya pili nilivuta kiti changu nikakiweka mbele yake, nikakaa, nikasimama, nikakaa, na yeye akafuata. Hatukupima kitu. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne nikapima: saba. Watafiti wanalijua hili, na wazuri kati yao huwazoesha watu kipimo mara kadhaa kabla ya kuandika namba ya kwanza. Najiuliza ni watu wangapi wameandikiwa faili la udhaifu kwa sababu aliyekuwa akipima hakujua kueleza.

Tangu hapo tumekuwa kundi linalokutana uwanja wa shule, tuna utaratibu wetu, na nitaueleza kama ulivyo ili mwenye kutaka auchukue. Mpangilio haubadiliki kamwe. Tunaanza kwa kuzunguka uwanja, tunakwenda kwenye viti, tunakwenda kwenye chupa, tunamalizia ngazini kwenye jengo la darasa, vipandio vitatu. Zile hatua tumezipiga picha kwa simu, mtu wa fotokopi akazitoa kwa rangi, tukazibandika kwenye manila na kuitundika mwembeni. Tukimaliza hatua moja, mtu mmoja anaibandua picha yake. Wanaigombania kazi hiyo. Chupa ni zile za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga mkavu. Ikijaa ina kama kilo mbili na nusu. Tulianza na robo ya mchanga. Mtu akinyanyua mara kumi na mbili bila kukunja uso, anaongezewa vikombe viwili, na mchanga anaumimina mwenyewe, aone kwamba mzigo umekua kwa kuwa yeye amekua.

Na kwa pumzi tuna mchakamchaka. Wazungu wa vyuo wana mashine za kumwongoza mtu mwendo. Sisi tulizaliwa na mchakamchaka. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na miguu inafuata sauti. Mtu asiyejua kuhesabu anajua kuitikia. Asiyesema kabisa anapiga makofi. Tena wimbo wenyewe ndio kipimo cha moyo, na unafanya kazi pale karatasi ya ukutani iliposhindwa: akiitikia sauti nzima, bado yuko rahisi; maneno yakianza kukatika katikati, hapo ndipo tunapomtaka; akinyamaza, kiongozi anapunguza mwendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwataja kwa mara ya kwanza watu wazima wenye ulemavu na kuwawekea kiwango kile kile cha wengine, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika zetu 45 mara tatu ni 135. Zilizobaki ni za kwenda uwanjani kwa miguu na kurudi.

Kanuni ya kwanza ya kundi haihusu misuli. Mdogo humwamkia mkubwa. Vijana wanaokuja kutusaidia, wa kidato cha tatu na cha nne, walipomwamkia Sefu shikamoo siku ya kwanza, yeye naye akawajibu shikamoo. Wiki ya pili vile vile. Marahaba yake ya kwanza niliisikia wiki ya nne, ya sauti ya chini, na alikuwa akitazama viatu vyake.

Nije kwenye hofu, kwa sababu zipo za haki. Baba mmoja aliniambia binti yake hatatoka, na sikuwa na la kumjibu haraka. Binti mwenye ulemavu wa akili hukalishwa ndani kwa sababu wazazi wanajua kinachowapata mabinti wa aina yake njiani na kwenye vichochoro. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Kwetu wanawake wanafanya mazoezi na wanawake, hufuatwa nyumbani na kurudishwa nyumbani na mtu yule yule ambaye mama anamjua kwa jina, na mzazi anayetaka kukaa uwanjani muda wote anakaribishwa. Binti yule alianza kuja mwezi wa tatu. Baba yake bado hukaa chini ya mwembe, mkono kwenye bakora.

Na wapo ambao hawakalishwi hata kidogo. Mnawajua. Ni yule kijana anayebebeshwa ndoo za maji za nyumba sita, anayepasua kuni za shughuli nzima na kulipwa kipande cha mkate. Watu husema, huyu mazoezi ya nini, ana nguvu kama punda. Kufanyishwa kazi ya bure si programu ya mazoezi. Mwendo wa mzigo wake hauchagui yeye, mapumziko hana, na mgongo utamlipisha akifika arobaini. Mtu wa namna hiyo kwetu huja kucheza mpira, na mara nyingine huja kupumzika tu.

Lile la kijana wa bega kwa bega nililoahidi kulirudia ni hili. Australia, Nora Shields na wenzake waliwafunza wanafunzi wa fiziotherapia, wakampangia kila mmoja kijana mwenye sindromu ya Down, wakaenda jimu ya mtaani mara mbili kwa wiki kwa wiki kumi. Utafiti wao wa mwaka 2013 ulikuwa na vijana 68. Nguvu za mikono na miguu ziliongezeka. Kazi za kibarua walizopimwa nazo, kama kupanga maboksi, hazikuwa za haraka zaidi kuliko mwanzo, nao wakaliandika hilo bila kulifunika. Mimi nililoliona kubwa ni kwamba vijana wale walikwenda jimu ya watu wote, wakiwa na mwenzao wa rika lao, na waliendelea kujishughulisha zaidi hata programu ilipokwisha. Mwanafunzi hana mshahara mkubwa wala shahada ya pili. Ana muda, na ana miguu. Mji huu una vyuo na una sekondari, na kila alfajiri vikundi vya jogingi vinapita barabarani vikiimba, fulana za rangi moja, watu hamsini, sitini. Vinapita mbele ya vibaraza. Sijaona hata kimoja kikisimama mbele ya kiti cha plastiki na kusema, inuka twende.

Viongozi wa vikundi hivyo niliowaalika wako safu ya tatu, na nimefurahi kuwaona. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa watu hawa haki ya kushiriki michezo. Sitaisoma hapa. Nawaomba kila kikundi kichukue watu wawili, na kila mmoja wa hao wawili awe na mwenza wake. Msipunguze mwendo wa kikundi kizima. Anzeni nao kilomita moja, wao na wenza wao wageuze, nyinyi muendelee. Msiwapigie makofi kila hatua kama watoto wanaojifunza kutembea. Na msiwaache wiki mnapokuwa na mashindano, maana nguvu ya miezi mitatu huanza kupungua ndani ya wiki chache, na kuelewa kwa nini hamkuja ni kugumu kuliko ngazi.

Sefu alipimwa tena baada ya wiki 12. Alisimama mara kumi na moja. Bado hajamfikia mwanamume wa miaka 60, na ngazi bado hazipendi; akifika pale hujifanya amefungukiwa na kamba ya kiatu. Lakini kiti cha bluu sasa huja nacho uwanjani, kwa kuwa ndicho anachopimiwa, na hukibeba mwenyewe kichwani.

Jumamosi hii tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa shule nyuma ya ukumbi huu. Mwenye ndugu aliye na matatizo ya moyo au kifafa aje na karatasi zake za kliniki. Mje na maji ya kunywa na mtu mmoja wa kwenda naye sambamba. Raba si lazima, ila kandambili hapana. Na wasindikizaji mjiandae kusimama, kwa sababu viti tulivyo navyo ni vya kupimia.